Aliombwa Muhuri Tu

Kanisani kwetu ushuhuda una mtindo wake. Mtu anasimama, anasema Bwana asifiwe mara tatu, halafu anataja alichopewa: kiwanja, visa, mtoto, gari. Sijawahi kusikia mtu akishuhudia alichopoteza kwa sababu alikataa jambo. Na simnyooshei mtu kidole, maana siku yangu ilipofika nilitia sahihi.

Nilikuwa mtunza stoo kwenye ujenzi wa zahanati. Karatasi ilisema mifuko 200 ya saruji, lori likashusha 170. Msimamizi akaniambia, "Saini bwana, unataka kuchelewesha kazi za watu?" Nikasaini. Sikupewa hata soda, niliogopa tu kuonekana mkorofi. Jumapili nikawa kwenye kwaya, sauti ya tatu, kama kawaida.

Ndiyo maana habari za Floribert Bwana Chui zilinichoma. Kijana wa Goma, mashariki mwa Kongo, msomi wa sheria, mwanajumuiya wa Sant'Egidio, jumuiya ya walei Wakatoliki, rafiki wa watoto wa mitaani, wale ambao kule huwaita maibobo. Mwaka 2007 alikuwa mkaguzi wa bidhaa katika ofisi ya serikali. Ikaja shehena ya chakula kilichoharibika. Wenye mzigo wakatoa dola ili aipitishe, akakataa. Mwezi Julai akatekwa na kuuawa. Alikuwa na miaka 26.

Hakuna aliyemwambia amkane Yesu. Mashahidi wa Namugongo, Uganda, waliochomwa moto mwaka 1886, enzi za Kabaka Mwanga, kisa chao kinaeleweka upesi: imani huku, mfalme kule. Floribert aliombwa muhuri tu. Angegonga, Jumapili akaenda misa, na hakuna padri ambaye angemnyima komunyo. Hata hivyo Papa Fransisko aliidhinisha Novemba 2024 kwamba aliuawa kwa chuki dhidi ya imani, na tarehe 15 Juni 2025 akatangazwa mwenyeheri, hatua ya kabla ya kuitwa mtakatifu. Ibada ilifanyika Roma. Goma ilikuwa mikononi mwa waasi wa M23 tangu Januari.

Mtu atauliza chuki dhidi ya imani imeingiaje kwenye biashara ya chakula. Wale si walitaka faida yao tu? Mimi ni Mlutheri, mambo ya wenyeheri yananipita kidogo, lakini hapa nadhani Wakatoliki wameona mbali. Floribert alijua chakula kile kingeishia kwenye sahani za nani. Maskini wa Goma hakuwasoma kwenye ripoti, alikaa nao, na kilichomkalisha nao ni imani yake. Ukitaka kumnunua mtu wa namna hiyo ni lazima kwanza uing'oe imani hiyo, na ikishindikana, unamwondoa yeye.

Sisi msalaba tumeufanya jina la kila shida. Kisukari ni msalaba, mume mlevi ni msalaba, mama mkwe naye (Mungu anisamehe) ni msalaba. Lakini Luka 9:23 inasema "ajitwike". Kisukari hakuna anayejitwika, kinakuja chenyewe. Mtu hujitwika mzigo ambao angeweza kuupita, kama mimi nilivyoipita mifuko 30.

Wahubiri nao wana deni. Wanawaambia vijana wawe chumvi ya dunia, halafu kijana akifukuzwa kazi kwa kuwa chumvi anabaki na kodi ya nyumba peke yake. Harusi ina kamati, mweka hazina, kadi za mchango na vikao kila Jumamosi. Msiba pia. Kamati ya aliyekataa rushwa akakosa mshahara sijaiona popote, wala sijasikia mchungaji akitangaza harambee yake. Tunamtaka ahesabu gharama, na bili yote tunamwachia yeye.

Mwezi uliopita kijana wa kwaya yetu alipata kazi mpakani, ya ukaguzi wa mizigo. Tukamfanyia ibada ya shukrani nyumbani kwao, pilau na soda. Mzee wa kanisa akamwombea milango ifunguke na mkono wake usipungukiwe. Wote tukaitikia amina. Nilikuwa nimekusudia kusimama nisimulie habari za Floribert. Nikamtazama mama yake, jinsi alivyokuwa akicheka huku akigawa sahani, nikabaki nimekaa.