Bendi ya wanafunzi katika shule ya Kikatoliki: ni ya nani?

Wanafunzi watano wa sekondari ya Kikatoliki wanamwandikia barua mkuu wa shule. Wana magitaa mawili, mmoja wao anajua kinanda, na mwingine amekuwa akigonga dawati kwa penseli tangu kidato cha kwanza na sasa anataka ngoma za kweli. Wanaomba ruhusa ya kuanzisha bendi. Barua yenyewe haijazi hata ukurasa, lakini ikishafika kwenye kikao cha walimu, chumba kinagawanyika.

Vikao vya namna hiyo nimevikaa, kwanza nikiwa mwanakwaya na baadaye nikiwa mlezi wa kwaya. Msimamo wangu nautoa mapema: bendi ianzishwe. Hata hivyo wanaopinga wana hoja nzito kuliko vijana wanavyodhani, na mtu anayezipuuza ataanzisha bendi itakayokufa kabla mwaka haujaisha.

Hoja yao kubwa ni ibada. Tarehe 22 Novemba 1903, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, Papa Pio wa Kumi alitoa maagizo juu ya muziki mtakatifu. Alikataza piano kanisani, akakataza ngoma, matoazi na ala nyingine za kelele. Bendi haikuruhusiwa kabisa kupiga ndani ya kanisa, na hata ala chache za kupuliza zilihitaji kibali cha askofu kwa nafasi maalumu. Nje, kwenye maandamano, bendi iliweza kuruhusiwa mradi isipige nyimbo za kidunia. Kwa hiyo padri mzee anayekunja uso akiona ngoma karibu na altare hana chuki na vijana. Amelelewa na walimu waliolelewa katika maagizo hayo.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa lote, ulilegeza, ila haukufungua mlango wote. Konstitusio ya liturujia, yaani hati ya Mtaguso juu ya ibada, ya tarehe 4 Desemba 1963 iliacha ogani ikiwa na heshima ya kwanza, na ikaruhusu ala nyingine kwa idhini ya wenye mamlaka, mradi zinafaa au zinaweza kufanywa zifae kwa ibada. Maagizo yaliyofuata mwaka 1967 yalitaka utamaduni wa kila watu uangaliwe, lakini papo hapo yakakataza ala ambazo kwa maoni na mazoea ya wote zinafaa muziki wa kidunia tu. Gitaa liko upande gani? Jibu linategemea mahali, na zaidi linategemea mkono unaolipiga. Mwaka 1958, kabla Mtaguso haujaanza, wavulana wa Kamina huko Kongo walikuwa tayari wakiimba Misa ya Kilatini kwa sauti na ngoma za kwao, chini ya Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji.

Wanaotetea bendi hapa ndipo wanapoteleza. Wakiona ugumu wa wakubwa, wanaahidi haraka: "Tutapiga Misa ya Jumapili!" Ahadi hiyo inapata kibali siku hiyohiyo, na mimi naiona ndiyo kosa la kwanza. Bendi iliyopewa uhai kwa sharti la kutumikia Misa inaharibu vitu viwili kwa pamoja. Misa inageuka onyesho, kwa kuwa vijana waliozoea kushangiliwa hawawezi kuacha kusubiri makofi kwa sababu tu wamehamia karibu na altare. Na wanafunzi wenyewe wanabaki bila mahali pa kuimba yaliyo mioyoni mwao, jambo ambalo ndilo waliloombea kibali. Juu ya hayo, kwaya iliyofanya kazi miaka yote kimyakimya inajiona imesukumwa pembeni, na chuki kati ya kwaya na bendi haiponi upesi.

Ningetenganisha. Misa ibaki mikononi mwa kwaya. Mpiga gitaa anayetaka kuhudumu aingie kama msindikizaji, chini ya mwalimu wa kwaya, kwa taratibu za kwaya. Ukumbi uwe wa bendi.

Je, shule ya Kikatoliki ina sababu gani ya kugharimia muziki usiokuwa wa ibada? Don Bosco, padri Mwitalia mlezi wa vijana, alilijibu swali hilo kwa vitendo katika karne ya 19 huko Turin, alipowapa vijana wa mitaani tarumbeta pamoja na katekisimu. Mfano mwingine unatoka nje ya Ukatoliki, shule ya Kianglikana ya St Peter's, Johannesburg. Padri Trevor Huddleston alimuuliza kijana mtukutu ni nini kingemtuliza, kijana akasema tarumbeta. Padri akamtafutia. Kijana huyo alikuwa Hugh Masekela, aliyekuja kuwa mpiga tarumbeta mashuhuri wa Afrika Kusini. Simaanishi kila mtukutu akipewa tarumbeta atakuwa Masekela, maana wengi watapiga vibaya kisha waache. Ninachokipenda katika kisa hicho ni kwamba mkubwa aliuliza swali, akasubiri jibu, na hakulibadilisha alipolisikia.

Kisha kuna maneno ya nyimbo, na hapa walimu wana haki ya kuhofia. Mlezi asome mashairi yote kabla hayajaimbwa, na matusi na udhalilishaji wa wasichana visipite. Ila kuna wimbo wa aina nyingine unaowatisha wakubwa: kijana aliyefiwa na mama yake anaandika kwamba ameomba na hakujibiwa. Nimeona karatasi ya namna hiyo ikirudishwa na mstari mwekundu, kwamba "haina tumaini". Zaburi ya 88 nayo inaishia gizani, bila neno moja la faraja, na Kanisa linaisali kila Ijumaa katika sala ya usiku. Wimbo ule ungepaswa kuimbwa.

Masomo na mitihani ni hofu ya kweli, lakini dawa yake inajulikana: siku mbili za mazoezi kwa wiki, saa moja na nusu kila moja, na kusimama mitihani ikikaribia. Sioni haja ya kuirefusha.

Kelele ndiyo inayostahili uangalifu kuliko inavyopewa. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani wanaweka kikomo cha desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka desibeli tatu muda salama unakatika nusu. Kufikia desibeli 100, zimebaki dakika kumi na tano. Ngoma na spika ndani ya darasa dogo hufika hapo bila shida. Vijana wanaotoka mazoezini masikio yakiwavumia hawajafurahi tu, wameumia. Mapazia mazito, spika zisizoelekezwa usoni na vizibo vya masikio ni gharama ya lazima, iingie kwenye bajeti kabla ya gitaa la tatu.

Na mazoezi yenyewe? Wanaoanza karibu wote wanakimbia. Wimbo unaanza taratibu, wanafika kwenye kiitikio, mpiga ngoma anasisimka, mwimbaji anamfuata, na ubeti wa pili tayari uko mbio. Mlezi asipige kelele. Azime spika, waimbe bila ala huku wakipiga makofi, mpaka kila mmoja amsikie mwenzake. Tatizo la pili ni lugha. Mwanakwaya anasoma solfa (do, re, mi), mpiga gitaa anajua kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, na mwenye tarumbeta akipiga do iliyoandikwa kwenye karatasi yake inasikika sauti nzima, yaani hatua kama ya re hadi do, chini ya do ya kinanda, hivyo noti zake ziandikwe juu kwa kiasi hicho. Solfa hapo ni mwokozi, kwani do yake haifungwi kwenye sauti moja, inahama. Majina hayo ya noti yanatokana na Guido wa Arezzo, mmonaki Mbenediktini wa karne ya 11, aliyekuwa akitafuta njia ya kuwafundisha vijana wa kwaya kwa mwaka mmoja au miwili kile kilichowachukua miaka kumi. Kwaya na bendi zina mambo ya kufundishana.

Linabaki suala la umiliki. Vyombo vikinunuliwa na shule, viandikwe ni vya shule. Ila nyimbo zichaguliwe na wanafunzi, na kiongozi wamchague wao. Onyesho la kwanza lisiwe siku ya wageni na wafadhili, ambapo watoto wanageuka tangazo la shule. Liwe mchana wa kawaida, mbele ya wenzao, nyimbo tatu basi. Na ufunguo wa chumba cha mazoezi ningempa mwanafunzi, pamoja na daftari la kusaini saa ya kufungua na saa ya kufunga.