Betri ya mdogo wangu na namba zilizofichwa kwenye famuwea

Mwezi uliopita mdogo wangu aliniletea laptopu yake, mfuniko wa chini umeinuka kama andazi lililoumuka. Betri imevimba. Aliinunua Kariakoo, mtumba, mimi ndiye niliyemwekea Linux, na tangu siku hiyo imeishi kwenye chaji kwa sababu ofisini kwao umeme ukikatika hakuna anayetangulia kukwambia. Fundi aliitazama mara moja tu. "Kaka, hii imeshiba mchana na usiku. Mngeizuia ikomee asilimia themanini isingefika hapa."

Kilichoniuma ni kwamba kizuizi hicho kimo ndani ya mashine hiyohiyo. Kwenye Windows unafungua programu ya mtengenezaji, unachagua themanini, imekwisha. Kwenye Linux faili la charge_control_end_threshold, linaloweka kikomo cha chaji, halikuwepo kabisa, kwa kuwa hakuna draiva (programu inayoongoza kifaa) ya modeli hiyo. Tukabadilisha betri, nikaamua draiva niiandike mwenyewe.

Waliowahi kuandika draiva za WMI, njia ambayo mfumo endeshi unaiomba famuwea (programu iliyochomwa ndani ya mashine yenyewe) ifanye kazi, wanajua mwanzo wake ulivyo mtamu. Basi (bus) lenyewe, njia ya kuunganisha vifaa, halina waya wala chipu, ni mazungumzo tu kati ya keneli, yaani kiini cha Linux, na famuwea. ACPI, majedwali ya famuwea yanayoeleza vifaa, inatangaza kifaa cha PNP0C14, keneli inaita _WDG, orodha ya huduma zake, inapewa vipande vya baiti 20 kila kimoja: GUID (jina refu la namba), kitambulisho cha herufi mbili, idadi ya nakala, bendera. Kila kipande kinazaliwa upya kama kifaa ndani ya /sys/bus/wmi/devices. Tangu toleo la 4.13, mwaka 2017, hili ni basi kamili: unajaza struct wmi_driver, unaandika probe (inayoitwa kifaa kikipatikana) na id_table (orodha ya GUID), unafunga kwa module_wmi_driver. Ukimwona mtu anaandika draiva mpya na bado anaita wmi_evaluate_method, njia ya zamani, kwa kutaja GUID, mwombe aache. GUID ikijirudia kwenye mashine moja, hajui anazungumza na kifaa kipi. Mimi mifupa ya draiva niliimaliza jioni moja.

Halafu nikafika kwenye swali lenyewe: niiambie nini hiyo famuwea?

Famuwea nyingi hubeba maelezo yao wenyewe, ile Binary MOF iliyo chini ya GUID 05901221-D566-11D1-B2F0-00A0C9062910. Imebanwa, lakini draiva ya wmi-bmof inaitoa na bmfdec inaifungua. Niliifungua kwa hamu kubwa. Nikakuta methodi za kusoma na kuandika, na kila moja inapokea bafa, yaani mfuko wa baiti. Ufafanuzi wa bafa hiyo, neno kwa neno ukiugeuza Kiswahili: data za baiti 32. Basi. Baiti ya kwanza ni ya nini, ya pili inakubali thamani zipi, kipi ni betri na kipi ni feni, hakuna hata neno moja.

Hapa ndipo siwezi kunyamaza. Aliyeandika msimbo huo alijua maana ya kila namba. Mahali fulani kuna jedwali la safu mbili, namba na maana yake, ambalo timu ya famuwea iliipa timu ya programu ya Windows. Jedwali hilo limeshalipiwa. Limeshachapwa. Kulitoa hadharani ni kuweka faili moja kwenye tovuti. Nilimwandikia mtengenezaji nikaeleza kila kitu, modeli, toleo la BIOS, ninachotaka kufanya. Jibu lilikuwa kwamba muundo huo ni siri ya kampuni. Siri gani? Namba ya kuzuia betri isijae haimsaidii mshindani wala haifungui mlango kwa mwizi. Inamsaidia mtu mmoja aliyenunua mashine kwa pesa yake na anataka idumu miaka mitano badala ya miwili. Kwetu huku mashine moja hupita mikono mitatu kabla ya kufa. Kumficha mwenye mali namba ya kuitunza mali yake ni kosa, na nitaendelea kuliita kosa.

Na hata GUID yenyewe haitoshi kukuongoza. Biti 128 ziliwekwa ili kitambulisho kisigongane na kingine popote duniani, lakini watengenezaji kadhaa walinakili GUID za familia ya ABBC0F6x kutoka kwenye sampuli za Microsoft na kuziacha hivyohivyo. Mashine mbili za kampuni tofauti zinakujibu kwa jina lilelile, na baiti ileile ina maana nyingine kabisa. Ndiyo maana draiva makini inakagua DMI kwanza, jina la kampuni na modeli, kabla ya kugusa kitu.

Mimi nilijifunza hilo vibaya. Usiku wa pili nilibahatisha namba moja kwenye baiti ya kwanza, feni ikasimama. Kimya. Joto likaanza kupanda, nikashikilia kitufe cha pawa mpaka ikazima, na nilipoiwasha feni haikurudi. Ilirudi baada ya kuchomoa chaji pamoja na betri. Mikono ilikuwa inanitetemeka. Ile si laptopu yangu.

Tangu hapo sikubahatisha tena. Niliendesha acpidump, nikaigeuza DSDT, jedwali kuu la ACPI lenye msimbo wa famuwea, iwe maandishi kwa iasl -d, nikakaa nayo usiku tatu. Methodi inapokea vitu vitatu: Arg0 ni namba ya nakala, Arg1 ni namba ya methodi, Arg2 ni bafa. Nikafuata kila tawi mpaka nikakuta moja linalolinganisha baiti na 0x50 na 0x64, kisha linaandika kwenye sehemu ya kidhibiti kilichopachikwa, chipu inayosimamia betri na feni. Kwa namba za kawaida, themanini na mia. Nilisimama nikazunguka chumba.

Nakiri, kuna hoja upande wa pili. Kampuni zinaogopa mtu kama mimi wa usiku wa pili, kisha mashine iungue na lawama ziwe zao. Sawa. Lakini nilibahatisha kwa sababu jedwali lilifichwa. Tena zipo kampuni zilizofanya vizuri: mwaka 2021 wahandisi wa Dell na Lenovo waliingiza kwenye keneli draiva zao za mipangilio ya BIOS, dell-wmi-sysman na think-lmi, na HP ikafuata 2023 na hp-bioscfg. Kwa hiyo inawezekana.

Draiva yangu sasa inafanya kazi. Laptopu ya mdogo wangu inakomea themanini na kukaa hapo. Ndani ya jedwali la DMI kuna mstari mmoja tu, modeli yake. Juzi mwenzake wa kazini alinipigia. Yake inatofautiana tarakimu moja ya mwisho, GUID ni ileile, na ananisihi nimwongezee. Nimemwambia anitumie DSDT yake kwanza. Nitaisoma yote, tawi kwa tawi, hata kama itachukua usiku mwingine tatu.