Dirisha la wazee lipime na kumbukumbu

Hospitali nyingi za umma Dar es Salaam sasa zina dirisha la wazee, na mimi nalithamini sana. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilisema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure, na dirisha lile ni moja ya matunda yake. Mzee hasukumani na foleni ya watu wote. Anapimwa presha, anapimwa sukari, anapewa dawa zake, anarudi nyumbani. Kinachoniuma ni kwamba anaweza kwenda pale kila mwezi, mwaka hadi mwaka, asiulizwe hata mara moja: mzee, leo siku gani? Nani alikutembelea jana?

Mimi naishi Leeds, Uingereza, na kazi yangu ni kuhudumia wazee. Huku familia ikimwambia daktari wa mtaa kwamba mama anarudiarudia maswali, daktari anaanza pale pale. Anamtajia mama jina na anwani ya mtu wa kubuni, wanaongea mengine, kisha anamwomba airudie. Anamwambia ahesabu kurudi nyuma kuanzia 20, ataje miezi kuanzia Desemba. Ni dakika chache tu. Baadaye damu inapimwa: vitamini B12, homoni za tezi ya shingo, sukari, figo. Ikibidi anapelekwa kliniki ya kumbukumbu, ingawa huko kusubiri kunaweza kuchukua miezi.

Lakini nisiwapambie Uingereza. Hata huku hawampimi kila mzee. Kamati yao ya taifa ya uchunguzi wa magonjwa haipendekezi kuwapima wazee wote wasio na dalili, maana kipimo kifupi kinaweza kukosea, na kumwambia mtu ana demenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, wakati hana ni kumuumiza. Nakubaliana nao. Ninachokiomba kwa Dar ni kidogo kuliko hicho: mzee mwenye dalili, au ambaye nduguze wamelalamika, asiondoke dirishani bila kuulizwa.

Na hao ndugu wanatakiwa wajue cha kutazama, hasa sisi tulio mbali. Kwetu salamu ni ndefu na zina mpangilio wake. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, hujambo? Wajukuu hawajambo? Baridi ya huko inasemaje? Mtu amezisema tangu utotoni, na ugonjwa huu kwa kawaida hula kwanza mambo ya karibuni na kuacha ya zamani. Mama anaweza kuzipita salamu zote bila kuteleza, simu ikakatwa, na mtoto aliyeko ughaibuni akalala akiamini nyumbani ni salama. Muulize mama amekula nini mchana. Muulize ile pesa aliyotumiwa juzi ameinunulia nini. Hapo ndipo utasikia.

Baba yangu mdogo anakaa Magomeni. Alikuwa mhasibu, mtu wa hesabu na kumbukumbu za vitabu. Akaanza kusahau namba ya siri ya simu. Akawatumia pesa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Siku moja akapanda mwendokasi Gerezani, akapitiliza Magomeni Mapipa mpaka Kimara Mwisho, akakaa kituoni hadi jioni asijue arudi vipi. Nyumbani kila mtu alikuwa na maelezo yake. Shangazi alisema ni uzee tu. Jirani akasema amechezewa. Wengine wakataka asomewe dua.

Wakati huo wote alikuwa akihudhuria kliniki ya presha bila kukosa. Kadi yake inaonyesha presha iko juu, dozi inaongezwa, presha iko juu tena, dozi inaongezwa tena. Kumbe mzee alikuwa anasahau kumeza dawa! Kila mwezi alipewa vidonge zaidi vya kusahau. Kilichovunja mzunguko ule ni daktari mmoja kijana aliyemgeukia binti yake na kumuuliza, "Nyumbani mzee anaendeleaje?" Picha ya kichwa ikaonyesha alama za viharusi vidogo vidogo. Ubongo ulioharibika haukurudi, lakini bintiye sasa ndiye anayempa dawa mkononi, presha imeshuka, na hati ya nyumba ilihifadhiwa kabla hajatokea mtu wa kumletea karatasi ya kusaini.

Kuna watakaosema kipimo cha Wazungu hakitufai. Kuna ukweli hapo. Vipimo vingi vya huku vinamtaka mzee achore saa, na bibi ambaye hakuwahi kushika kalamu atashindwa hata kama akili yake ni timamu. Hata aliyesoma, ukimwambia achore saa tano na dakika kumi, mshale mfupi ataupeleka kwenye 11 kama sisi sote tunavyosoma saa. Msahihishaji asiyelijua hilo atamkosesha. Basi tutumie cha kwetu. Kipo. Watafiti waliofanya kazi Hai, Kilimanjaro, ambako walikuta karibu watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana demenshia, walishiriki kutengeneza kipimo kifupi kiitwacho IDEA kwa ajili ya wazee wasiosoma. Mzee anaulizwa siku ya leo na jina la kiongozi wa mahali pake, anataja wanyama kwa dakika moja, anapanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano, anakumbuka maneno aliyosomewa. Muuguzi anaweza kufundishwa kukitumia, na njiti za kiberiti haziagizwi kutoka nje.

Naambiwa pia, utapima ili iweje na dawa ya kuponya haipo? Lakini si kila kusahau ni demenshia. Upungufu wa B12, tezi isiyofanya kazi, sonona baada ya kufiwa, masikio yaliyoziba, dawa za mzio zinazoleta usingizi: yote haya humfanya mzee aonekane amepotea, na mengi yana tiba. Tukisema "ni uzee" tunawaacha hao nao. Na pale penye demenshia ya kweli, mzee anaokolewa kutoka kwenye masengenyo ya uchawi. Kuna mikoa ya nchi yetu ambako vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi.

Huku Leeds nakutana na wazee waliopimwa kila kitu lakini hawana mtu wa kumweleza daktari walivyokuwa zamani. Dar mtu huyo yupo, amekaa benchi pembeni ya mzee akishika kadi na chupa ya maji, na haulizwi. Basi asisubiri kuulizwa. Wewe unayempeleka mzee kliniki mwezi huu, mwombe ruhusa kwanza kwa heshima yake, kisha mwambie daktari, kabla hajaandika dawa, ni mambo gani mzee alikuwa akiyafanya mwaka jana ambayo sasa hawezi, na vidonge vingapi vilibaki kwenye pakiti.