Risasi Tatu Hazitoshi

Nenda uwanja wowote wa shabaha hapa Marekani siku ya Jumamosi, hukosi kumkuta mtu na kisanduku cha risasi alizojaza mwenyewe nyumbani, zimepangwa tatu tatu, kila tatu na kipimo chake cha baruti. Anafyatua za kwanza, anachungulia kwa darubini, anaandika. Anafyatua za pili, anaandika. Jioni anachagua tatu zilizotoboa karatasi karibukaribu kuliko zote, anatangaza kwamba bunduki yake imekipenda kipimo kile. Toka siku hiyo hataki kusikia kingine.

Mimi nasema alichookota ni bahati tu.

Tuseme bunduki ni ileile, risasi ni zilezile, baruti haijaongezwa wala kupunguzwa. Piga makundi mengi ya risasi tatu tatu, na kila mara upime umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi. Majibu yatakushangaza: kundi moja kuwa na upana mara mbili ya jingine ni jambo la kawaida kabisa. Sasa mtu akijaribu vipimo kumi ambavyo kwa hakika havina tofauti, kimoja lazima kitoke bingwa na kingine kitoke takataka. Juu ya hayo, risasi tatu huficha upana wenyewe. Kwa wastani, kundi la risasi kumi hulizidi la tatu kwa zaidi ya nusu. Anayejisifu kwa nusu inchi kwenye yadi 100, mwombe aongeze saba kwenye karatasi ileile.

Tatizo la kuamua kwa majaribio machache lina umri mrefu. Mwaka 1908 William Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, alichapisha hesabu zake za sampuli ndogo akijificha nyuma ya jina la Student. Mwaka uliofuata Franklin Mann, daktari wa Massachusetts, alitoa matokeo ya miaka mingi ya kufyatua bunduki iliyoshikiliwa na nguzo ya zege, ili mkono wa mtu usiingie katika majaribio. Alichokiona bado ni kweli: kichwa cha risasi chenye kasoro kitakoni, au chenye uzito ulioegemea upande mmoja, hutawanya shabaha kuliko mengi tunayoyahangaikia.

Kwa hiyo pesa yangu naiweka kwenye mtutu mzuri, vichwa vya risasi vya mashindano na maganda ya kiwanda kimoja. Hayo yakikaa sawa, kuongeza au kupunguza punje chache za baruti huleta mabadiliko madogo mno kuonekana kwa risasi tatu. Kasi nayo ina mahali pake. Risasi ya .308, aina moja ya risasi za bunduki ndefu, ikipungukiwa mita 6 kwa sekunde, kwenye mita 100 itashuka kama milimita moja tu zaidi, na hakuna jicho litakaloiona. Kwenye yadi 1,000 ni zaidi ya sentimita 15. Anayepiga mbali ana sababu ya kununua kipima kasi. Wa yadi 100 anajichosha bure.

(Na wale wanaopandisha baruti hadi mlango wa bunduki unakuwa mgumu kufunguka, eti shabaha nzuri iko huko juu: kiwango cha mwisho kwenye kitabu cha vipimo, kile kinachoonyesha baruti ya kujaza kwa kila aina ya risasi, kimewekwa kwa sababu. Anza chini.)

Najua nitakachojibiwa. Baruti ni ghali, mtutu nao unalika, nani atapiga risasi ishirini kwa kila kipimo? Hoja ina uzito. Lakini dawa yake ni kupunguza idadi ya vipimo, si idadi ya risasi. Wenye mchezo wenyewe wanalijua hili: wapigaji wa bunduki za mezani, zile zinazoegeshwa juu ya meza, hupimwa kwa wastani wa makundi matano ya risasi tano tano, na kule kwenye mashindano ya Camp Perry, Ohio, kwenye yadi 600, mtu anapiga risasi 20 na zote zinahesabiwa. Hakuna anayeulizwa tatu zake nzuri ni zipi.

Mimi nachukua baruti ya aina moja na vichwa vya aina mbili, kiwango cha katikati ya kitabu, kisha napiga risasi kumi za kila aina. Tofauti isipoonekana wazi, nanunua vile vya bei nafuu. Kinachobaki mfukoni kinakwenda kwenye mazoezi ya kusoma upepo, maana kwenye yadi 600 upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa unaisukuma .308 zaidi ya nusu mita, iwe imejazwa kwa mizani ya dhahabu au kwa kijiko.