Ugali wa Juba nimeusonga Lewiston, wa Chogo sijauonja

Jumamosi iliyopita nimelipa dola 25 nifundishwe kusonga ugali. Mimi, mtoto wa Ngamiani, Tanga, ambaye bibi mzaa mama ni Mzigua wa Handeni. Tangu siku hiyo nina jambo rohoni, na leo nalisema.

Naishi Lewiston, mji mdogo wa jimbo la Maine, Marekani. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, ndiye aliyenialika: kuna darasa la mapishi, mpishi ni mama mkimbizi kutoka Somalia, mnapika naye, mnakula naye, na huku mikono inafanya kazi yeye anawasimulia kwao. Nilikubali kwa sababu ya hamu ya sambusa.

Sambusa hazikuwepo. Mezani palikuwa na unga wa mahindi, bamia, vitunguu na chupa ya mafuta ya ufuta. Mama akasema wao ni wakulima wa kando ya mto Juba, na mahindi na ufuta ndiyo shamba lao. Jirani yangu akapewa mwiko. Unga ukamfanyia madonge, jasho likamtoka. Mama akaja nyuma yake, akamshika mkono, akamwonyesha namna ya kuubana unga kwenye ukingo wa sufuria kisha kuugeuza, kuubana, kuugeuza. Halafu akamgeukia binti yake na kumwambia apunguze moto.

Hakusema kwa Kisomali. Alisema kwa Kizigua.

Nilibaki na kisu mkononi na bamia nusu. Kizigua changu ni cha kusikia tu, cha likizo za Handeni, bibi akiwafokea mbuzi wasiingie kwenye mihogo. Lakini maneno yale niliyaelewa yote. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Shikamoo mama. Bibi yangu ni Mzigua wa Handeni." Akafuta mikono kwenye kanga, akanishika uso kwa viganja viwili, unga wote ukanibaki mashavuni. Kiswahili alikipata kambini Kenya. Akaniita mwanangu, kisha akawaambia wenzangu kwa Kiingereza: huyu anatoka kule nilikowaambia.

Maana alikuwa ameshawaambia. Kwamba katika karne ya 19 njaa ilipiga Uzigua, watu wakapanda majahazi pwani yetu kwa ahadi ya kazi na chakula, wakajikuta wameuzwa utumwa Somalia. Kwamba waliotoroka walikimbilia msitu wa kando ya Juba wakalima humo, na lugha hawakuiacha. Vita vilipolipuka mwaka 1991 waliporwa vyakula maghalani, wakauawa, wakakimbilia kambi ya Dadaab, Kenya. Yeye na watoto walihamishiwa kambi nyingine ya Kenya, Kakuma, na kuanzia 2003 na 2004 Marekani ikaanza kuwachukua wenzake kwa maelfu. Wazungu wale tisa walikuwa wanayajua hayo na kuuliza maswali. Mto una mamba? Ufuta mnakamua vipi? Mama yako alikuwa anapika nini siku ya mavuno?

Kisha akaniuliza mimi: "Chogo unakujua?"

Nakujua. Nani wa Handeni asiyekujua Chogo, makazi ya wakimbizi kutoka Somalia? Baba mdogo wa mama huyu hakubaki Kenya. Alipanda boti na familia yake wakashuka kwetu, wakakaa kambi ya Mkuyu, na mwaka 2003 wakapelekwa Chogo wakapewa ardhi ya kulima. Akataka nimweleze pakoje. Nyumba zikoje, udongo upi, mvua zinatosha? Sikuwa na la kumjibu. Sijawahi kufika.

Hilo ndilo linaloniuma. Mkuyu ilikuwa pale pale Handeni nilipokuwa nakwenda likizo. Wanawake wa kambini walikuja sokoni, tukiwaona kwa mitandio yao tukasema, "Wasomali hao." Bibi mmoja tu, bibi yangu, ndiye aliyewahi kurudi nyumbani akashangaa: "Wale wanasema Kizigua cha marehemu mama yangu." Sisi wajukuu tukamwona anazeeka. Watu wamerudi nyumbani baada ya zaidi ya miaka 150, wamebeba maneno ambayo sisi tumeyasahau, na hatukuwauliza hata mboga wanaunga na nini.

Najua nitakachoambiwa. "Umekula theluji miaka sita, sasa unatufundisha utu." Siwafundishi. Nasema nilichokiona kwa macho yangu, na aliyekosa wa kwanza ni mimi.

Mwingine atasema huku wanalipa ili kuonja shida za watu, wakitoka hapo wanajisikia wema. Wapo wa hivyo, sikatai. Na mji huu huu una watu ambao hawakutaka Msomali hata mmoja ashuke hapa, na hawajabadilika. Lakini ada ile inaingia mfukoni mwa yule mama. Na kwa saa tatu yeye ndiye mwalimu, na mwalimu mstaafu ndiye mwanafunzi mwenye madonge. Mara ngapi umemwona mkimbizi akiwa mwalimu kwetu?

Halafu kuna jibu ambalo nalikubali kwa mikono miwili, na nikilisema hapa kifua kinanijaa. Tanzania ilitoa ardhi. Ilitoa uraia: Warundi waliokimbilia kwetu mwaka 1972, zaidi ya laki moja na nusu, wamekuwa Watanzania, na hawa wa Chogo nao wengi wamepewa. Mwalimu Nyerere alipewa Nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa ajili ya wakimbizi. Mashamba ya mkonge ya Tanga yamejengwa na manamba kutoka Burundi, Msumbiji na kwingineko, na wajukuu wao leo ni watu wa Tanga kama mimi. Nchi ngapi tajiri zinaweza kusema hivyo? Nilimweleza jirani yangu haya, naye akaniambia hakuwahi kuyasikia popote. Nilijivuna, na nina haki.

Ila ardhi unampa mtu kwa karatasi ya ofisini. Kumkaribisha jikoni, akushike mkono na mwiko, hakuna ofisi itakayokufanyia. Tuliwapa kile kikubwa kinachogharimu, tukawanyima kile kidogo kisichogharimu chochote. Watu wa Tanga! Sisi ambao mgeni akipita barazani hatumwachi aende bila kahawa na kashata!

Na usiniambie watu wana shida zao, maji hayatoki, mkonge umelala, nani ana muda wa darasa la mapishi. Nani kasema darasa? Bibi yangu hakuwa na aproni wala ada. Angewaita wanawake wawili uani, wangesonga pamoja, na kufikia jioni tungejua majina ya mababu zao na huenda tungekuta mmoja ni wetu. Alitaka kufanya hivyo, alisema. Tulimwambia apumzike.

Amefariki 2011. Ule ugali wa Lewiston niliula na bamia ya mafuta ya ufuta, harufu yake kama ya chungu cha bibi, nikashindwa kumaliza sahani.

Mama alinipa jina la baba yake mdogo na la binti wa huyo mzee, nikayaandika kwenye simu. Usiku nikampigia dada yangu Tanga. Akasema, "Chogo nikafanye nini, mimi simjui mtu." Nikamwambia ndiyo sababu. Tumebishana nusu saa, salio likakata, akanipigia mwenyewe asubuhi. Anakwenda Jumapili ijayo. Ameniuliza abebe nini, nikamwambia kilo tano za unga, na asiwaachie mlangoni akaondoka. Akae mpaka uive.