Mnampigia Kura Aliyekwisha Pita

Majina ya wanaowania kuingia Jumba la Heshima la Rock and Roll, lile la Cleveland, Marekani, yakitoka tu, mashabiki wa rock kuanzia Nakuru hadi Kisumu hushika simu wakaanza kubofya. Bofya leo, bofya kesho, mwamshe na binamu abofye kabla hajapiga mswaki. Matokeo yakitangazwa na bendi yao ikakosa, unaanza ule wimbo wa "tumeibiwa", na kwa wimbo huo sisi watu wa huku hatuhitaji mwalimu.

Omera, hakuna aliyeibiwa. Kanuni zilikuwepo tangu mwanzo, ila hakuna aliyezisoma, maana kila mtu alikuwa na shughuli ya kuhesabu albamu za Iron Maiden na kuzilinganisha na za Foo Fighters.

Kanuni zenyewe ni chache kuliko za chama cha kina mama. Bendi inaanza kufikiriwa ikishatimiza miaka 25 tangu itoe rekodi yake ya kwanza sokoni. Mauzo hayamo, viwanja walivyojaza havimo, na kwamba wewe ulianza kuwasikiliza ukiwa kidato cha pili nako hakumo. Kamati ya watu kama 30 hukaa faraghani ikatoka na orodha ya majina 15 hivi. Karatasi za kura zenye orodha hiyo hupelekewa wapiga kura zaidi ya 1,000: wanamuziki walio hai ambao tayari wamo jumbani, wanahistoria wa muziki, na watu wa biashara ya muziki. Kila mmoja anatia alama kwenye majina machache, 5 kwa miaka mingi, 7 mwaka 2025. Wenye alama nyingi wanapita.

Shabiki yuko wapi hapo? Aliingizwa mwaka 2012, na tazama alivyoingizwa. Kura zote za dunia nzima zinajumlishwa, yale majina ya juu yanachukuliwa, yanaandikwa kwenye karatasi moja. Karatasi hiyo moja inatumbukizwa pamoja na zile nyingine elfu na zaidi.

Mwaka 2020 Dave Matthews Band waliongoza kura za mashabiki kwa zaidi ya kura milioni moja. Hawakupita. Milioni nzima ya vidole ikawa na uzito sawa na mzee mmoja wa Nashville aliyejaza karatasi yake huku akinywa kahawa. Waliingia 2024, wakati milioni ile imeshasahaulika. Phish nao wakaongoza 2025, wakabaki nje. Bado kuna watu wanawaambia wenzao "tukijitokeza kwa wingi tutashinda".

Jambo linaloniudhi zaidi ni hili, na ndilo linalowapita karibu wote. Karatasi ya mashabiki haina namba moja wala namba tano. Ina majina tu. Aliyeongoza kwa milioni na aliyeponea chupuchupu nafasi ya mwisho wanaandikwa mle mle, wana uzito ule ule. Kwa hiyo kura unayomrundikia aliye juu kileleni ni maji unayomimina ziwani. Kama karatasi ina nafasi 5, vita vyote viko kati ya wa 5 na wa 6. Kama ni 7, viko kati ya wa 7 na wa 8. Hesabu huonyeshwa wazi siku zote za upigaji kura, na kila mtu anaona nani yuko wapi. Mtu mwenye akili angetazama mstari ulipokatika, amchague yule aliye chini yake kidogo anayemtaka, ampige jeki hadi avuke. Badala yake watu wanaenda kumpongeza mshindi kila asubuhi kama wapambe wanaosindikiza gari la mheshimiwa ambalo lina mafuta tayari.

Na hata ukishajua hilo, unapigania karatasi moja. Mchezo wenyewe umechezwa mapema, kwenye kamati. Watu wa Nyanza sina haja ya kuwaeleza: huku kwetu uchaguzi huisha kwenye mchujo. Ukishapata tiketi, siku ya debe ni ya kupiga picha. Ukiinyimwa, zunguka na megafoni mpaka sauti ikauke. Kamati ya Cleveland ndiyo mchujo, nayo haina mikutano ya hadhara.

Nani amewahi kukaa kwenye hiyo meza? Jann Wenner, mmoja wa waanzilishi wa jumba hili, aliondolewa kwenye bodi mwaka 2023 baada ya kuliambia gazeti la New York Times kwamba wanamuziki weusi na wanawake hawakuwa na ufasaha wa kutosha kuhojiwa katika kitabu chake. Alikuwa pale tangu miaka ya 1980. Fanya hesabu mwenyewe ni orodha ngapi zilipita mbele yake.

Chukua 2021 uione mashine ikifanya kazi. Majina 16. Fela Kuti alikuwemo, na Wanigeria wakafanya kazi ya kupigiwa saluti: akamaliza wa pili kwa kura za mashabiki, nyuma ya Tina Turner. Tina Turner akapita. Fela akabaki, na 2022 akarudishwa kwenye karatasi akabaki tena. Iron Maiden walikuwemo humo humo mwaka 2021, pamoja na Rage Against the Machine na Foo Fighters. Mpiga kura anayependa gitaa zito ana alama 5 tu na hataki kuzimaliza zote kwa watu wa kelele. Anagawa: moja kwa Carole King, moja kwa Tina Turner, moja kwa Jay-Z, kisha anachagua bendi moja ya gitaa, ile aliyowahi kupanda nayo jukwaani au kula nayo. Foo Fighters wakapita. Hao wengine wawili wakala vumbi, wala si kwa kuwa kuna aliyewachukia. Waligawana shamba moja.

Kuna pia mlango wa nyuma. Jumba lina tuzo ambazo kamati inatoa yenyewe bila kupeleka karatasi kwa mtu: ya walioathiri muziki mapema, na ya ubora wa kimuziki. LL Cool J alikuwa kwenye karatasi ya 2021, kura zikakataa, akapitishwa mlango huo. Judas Priest vivyo hivyo mwaka 2022. Bendi ya Chic iliwekwa kwenye karatasi mara 11 ikakataliwa mara 11, hatimaye Nile Rodgers akaingizwa peke yake kwa mlango huo mwaka 2017, kama mtu aliyealikwa harusini huku mkewe akiambiwa asubiri kwenye gari. Kwa hiyo anayekwambia "wananchi wameamua" amechanganya Cleveland na Kondele.

Haya, tuseme kanuni ni mbovu. Bado swali la nani anastahili liko pale pale, na mabishano yetu kulihusu ni ya hovyo. Mauzo? Kwa mauzo tungewapa heshima watengenezaji wa sabuni. Miaka mingi jukwaani? Kuna kwaya hapa zina miaka mingi kuliko Rolling Stones. Kipimo changu ni kimoja: mtoe huyu mtu kwenye historia, kisha tazama nani mwingine anadondoka naye.

Watoe Black Sabbath. Tony Iommi alikuwa na miaka 17, akifanya kazi kwenye kiwanda cha chuma Birmingham, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Iommi anapiga kwa mkono wa kushoto, maana yake vidole vilivyokatika ndivyo vya kubana nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akatengeneza vikofia vya kuvalisha vidole, akavisugua kwa msasa, akavibandika ngozi juu ili uzi usiteleze. Vidole vya plastiki havihisi uzi, ukibana unabana zaidi ya inavyotakiwa. Kwa hiyo akatafuta nyuzi nyembamba, hata za banjo, na kufika albamu ya tatu mwaka 1971 akawa analegeza gitaa nusu toni tatu, uzi mnene ukashuka kutoka E hadi C#. Uzi uliolegea haumuumizi, tena unapindika kirahisi. Pia unatoa mngurumo wa chini ambao hakuna aliyekuwa akiutoa kabla yake, na muziki wa metali wote uliofuata umesimama juu ya mngurumo huo.

Anayetaka kuthibitisha achukue gitaa lolote, hata lile la kuazima kanisani (arudishe E kabla ya Jumapili). Legeza kila uzi kwa nusu toni tatu. Kitu cha kwanza utakachosikia ni mtetemo mbaya: uzi umelegea unagonga vyuma vya shingoni. Cha pili, ukibana kwa nguvu sauti inapanda, inakuwa kama umekosea kutyuni. Dawa ni mkono mwepesi, au kununua seti nene zaidi, zinazoanzia 11 au 12 badala ya 9 (ni unene wa uzi mwembamba kabisa, kwa elfu za inchi). Lakini nyuzi nene hukwama kwenye mikato ya juu ya shingo, inabidi kuipanua kidogo kwa tupa, na shingo nayo ikazwe upya kwa sababu mvutano umebadilika. Iommi hakununua nene. Alikaa na nyepesi zikiwa zimelegea, na mkono wake ndio uliozituliza. Mtu huyu na wenzake jumba liliwasubirisha nje miaka kumi na ushee, hata Ozzy Osbourne akawaandikia mwaka 1999 jina la bendi liondolewe kabisa. Wakaingia 2006.

Iron Maiden wanapita kipimo hicho? Nakubali kwa shingo upande kwamba magitaa mawili yaliyoshikana wimbo mmoja, moja likiwa juu ya jingine kwa hatua chache, hawakuyaanzisha wao. Thin Lizzy walikuwa nayo mapema, na hao nao hakuna anayewabofyia. Lakini lile besi la Steve Harris la vidole, linalokimbia kama farasi badala ya kufuata ngoma taratibu, hilo ni lao. Sikio lililolelewa na benga halihitaji kufafanuliwa besi inayokataa kukaa nyuma. Solo na gitaa la pili zinakimbizana, mwimbaji ananyamaza, magitaa yanachukua usukani: mtu wa Ahero akisikia Maiden mara ya kwanza analijua umbo kabla hajaijua lugha.

Na wanaouliza marapa wanatafuta nini kwenye jumba la rock: wamo na wanastahili. Nimesema, tusonge.

Na wale wanaocheka kwamba rock si ya kwetu, watu wa Nakuru mnajuaje? Orodha ya kwanza kabisa ya jumba hili, 1986, ina Chuck Berry, Little Richard, Elvis, Fats Domino. Pembeni, kwenye walioathiri muziki mapema, yupo Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyefariki 1933. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alifika Kapkatet, mwendo mfupi kutoka Kericho ukielekea Sotik, na mashine ya kunasa sauti. Wasichana wa Kipsigis wakamwimbia "Chemirocha". Santuri za Rodgers zilikuwa zimefika vijijini kwa gramafoni, jina likapita kwenye ulimi wa Kipsigis likatoka hivyo, na mwenye jina akawa kiumbe nusu mtu nusu paa, anayeitwa aje acheze. Chepkong, kile kinubi cha Kipsigis, ikapigwa chini ya sauti hizo, na ukisikiliza unasikia kabisa kwamba kuna mtu aliyekaa akalisikiliza gitaa la Rodgers kwa makini kuliko wengi wa wale wapiga kura elfu. Mtoe Rodgers, na kuna wimbo unadondoka Kapkatet. Wapo wengi kwenye lile jumba ambao ukiwatoa hakidondoki kitu hata Cleveland kwenyewe.

Kipimo hicho hicho kinafanya kazi bila Mmarekani yeyote. Mtoe George Mukabi, aliyefariki 1963, na ile omutibo yake, upigaji wa gitaa kwa kidole gumba na cha shahada, uone magitaa ya magharibi yatabaki na nini. Mtoe D. O. Misiani. Ukimtoa, nusu ya bendi za benga zitakosa mtu wa kuigwa na nusu nyingine itakosa mtu wa kugombana naye. Hao hakuna karatasi inayowasubiri popote, na mashabiki wenye nguvu za kubofya mara moja kila siku kwa wiki kadhaa hawawezi kuniambia nani alimpigia Misiani besi.

Orodha nyingine ikija mtabofya tu, najua. Basi angalau fungueni ile hesabu, mshuke hadi mstari unapokatika, mwangalie nani amekaa hatua moja chini yake. Yule wa juu muacheni.