Fundi Umeme wa Mama Mkwe

Nilipokwenda kuposa Tanga nilijitambulisha kuwa ni fundi umeme. Haikuwa uongo moja kwa moja. Nilishafunga nyaya nyumba mbili, na moja inawaka mpaka leo. Sikujua tu kwamba miaka 14 baadaye mama mkwe angekuja kututembelea Leicester, mwezi wa Januari, nyuzi 4 chini ya sifuri, na kwamba joto la nyumba lingekatika siku ya tatu tu tangu afike.

Kwa ambaye hajaishi huku Uingereza: boila ya gesi inachemsha maji, pampu inayasukuma, yanazunguka kwenye vyuma vilivyofungwa ukutani kila chumba. Mama alipoviona aliuliza, "Mwanangu, hizi rejeta za malori zimefuata nini sebuleni?" Siku ya tatu rejeta zikapoa kabisa. Lushoto ya mwezi wa saba ikawa cha mtoto.

"Baba watoto, si tumwite fundi?" mke wangu akasema.

"Fundi gani tena?" nikamjibu, kwa sauti ya kufika jikoni.

Jikoni ndiko alikokuwa mama. Tangu siku ya kwanza alishaliteka. Alipanga upya sufuria, akahamisha viungo, akasogeza kila kitu alichoona kimekaa kizembe. Anaamka kabla ya alfajiri, anabandika chai ya tangawizi, anafuatisha maandazi, akimaliza maandazi anateleka maharage, na mlango anaufunga ili joto lisitoroke. Ndani ya nyumba ile alikuwa mtu pekee asiyevaa koti.

Sasa, mfumo wetu wa joto unakwenda kama faili la serikali, hausogei bila saini. Thamostati, yaani kipima joto la chumba, ikihisi baridi inatuma ombi kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kipokezi kilichomo kabatini juu. Kipokezi kinapeleka umeme kwenye valvu. Mota ya valvu inazunguka taratibu, na ikishafungua njia ya maji inabonyeza kiswichi kilichomo ndani yake. Hapo ndipo waya wa rangi ya chungwa unapopata umeme na kuziamsha boila na pampu. Mmoja akigoma, ofisi nzima imelala.

Nikapanda na tochi mdomoni. Taa ya kipokezi imezima. Nikatikisa kichwa kama daktari: "Hiki kimekufa." Nikasukuma kimkono cha valvu kwa kidole, kikaenda, boila kimya. "Na valvu nayo." Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba kimkono kile hufungua maji tu, kiswichi hakikibonyezi. Yaani nilikuwa nampima mtu mapigo ya moyo kwenye kiatu. Dakika kumi nimeshaua vifaa viwili, na huku bafuni maji ya moto yanatoka kama kawaida! Wala haikunipitia kichwani kuwa boila na pampu zinazoyapasha hayo ndizo hizo hizo ninazoziomboleza. Boila yenyewe sikuigusa. Gesi huku ni ya mafundi walioandikishwa kwenye daftari la Gas Safe, na ujinga wangu una mipaka.

Kwenye sanduku la maungio ya nyaya haukuwa na mpaka wowote. Nililifungua nikakuta tambi. Mimi nimekulia kwenye waya mwekundu na mweusi. Waingereza walianza kuhamia kahawia na bluu mwaka 2004, na nyumba yetu ni kuukuu iliyotiwa viraka, kwa hiyo zote nne zilikuwemo, juu yake kijivu na chungwa za valvu. Duka la kanga! Nikawa nachomoa waya, naukagua, narudisha. Nilirudisha kwa kumbukumbu.

Halafu nikashika mita ya kupimia umeme. Mita hiyo wiki iliyotangulia niliipimia gari, na waya wake mwekundu ulikuwa bado umechomekwa kwenye tundu la ampea 10. Anayejua hapa ameshafumba macho. Asiyejua: ukichomeka tundu lile, mita haipimi volti tena, imekuwa kipande cha waya. Nami nikagusa waya wa moto, unaoleta umeme, kwa ncha moja, na nyutro, unaourudisha, kwa ncha nyingine, volti 230.

PAA!

Mwako wa bluu, harufu ya plastiki, na ncha moja ya mita ikawa fupi kuliko mwenzake. Chini, brika ya soketi, ile swichi ya kukata umeme, ikaruka. Televisheni ikazima, intaneti ikakata, na watoto ambao baridi haikuwaliza sasa wakaangua kilio.

"Mwanangu, umepata?" mama akaita.

"Nimepata, mama."

"Basi njoo uote moto, unywe chai."

Nikaenda nikakaa. Kikombe kinagongana na sahani, tatata. Mama akanisitiri: "Baridi hiyo." Juu ya kichwa changu, kwenye rafu ya chumvi, palikuwa na kidude cheupe chenye tarakimu. Sikuinua macho.

Kesho yake asubuhi maji ya moto nayo yakaisha. Mke wangu hakuniuliza tena, alipiga simu.

Fundi alikuwa kijana ambaye ndevu bado zinajishauri. Alichomoa fyuzi ya ampea 3, akainusa. Akafungua sanduku, akautazama waya wa chungwa ulivyokaa ugenini.

"Nani aligusa humu?"

Mke wangu akatazama dari.

"Mwenye nyumba wa zamani," nikasema. Tumenunua nyumba ile miaka minane iliyopita, na harufu ya moshi bado ilikuwa mbichi.

Akaweka fyuzi, akarudisha nyaya kwao, maji ya moto yakarudi. Rejeta, ubaridi ule ule. Akakuna kidevu. "Thamostati yenu iko wapi?"

Tukageukia ukuta wa ukumbini. Pamebaki kishikio kitupu.

"Kisaa kile?" mama akauliza, mkono umejaa unga. "Kiko jikoni. Hapo kilikuwa hakina kazi, mimi naangalizia maandazi."

Kilikuwa kinasoma 27. Sisi tulikitega 20. Siku zote hizo kidude kilikuwa kinaota moto na mama, kimeridhika, hakina ombi la kumtumia mtu. Kipokezi kilikuwa kizima, valvu nzima, hakuna aliyewaambia kitu.

"Nami hiyo 27 niliiona," mama akasema, "nikajua ndiyo tarehe."

Ilikuwa tarehe 11. Nani amsahihishe mama mkwe mbele ya mgeni?

Kijana akakirudisha ukutani. Baada ya muda kabatini pakasikika ngrrrr, kisha tik, kisha boila ikavuta pumzi. Pauni 90. Kwenye risiti akaandika fyuzi na nyaya. Habari ya jikoni hakuiandika, Mungu amzidishie.

Jioni nikamnunulia mama saa ya jikoni, kubwa, ya mishale. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza mbele na nyuma.

"Nzuri, mwanangu. Ila hii haina tarehe."